Mseto

Neno hili limehamia sasa kwenye mafunzo ya walimu: kozi mseto, nusu ana kwa ana, nusu mtandaoni. Asili yake ni kitenzi seta, yaani kuponda, na jikoni mseto ni mchele na choroko zilizopikwa pamoja hadi zikashikana. Wakenya walilizoea kisiasa mwaka 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walipounda serikali ya mseto. (Kama nayo ilishikana, hilo si la safu hii.)

Kushikana ndiko kiini cha neno.

Tuchukue mwalimu wa Kegonga, Kuria Mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Akitumiwa rundo la PDF, kisha akaitwa semina isiyozigusa kabisa, huo ni mchanganyiko tu. Mseto ungekuwa hivi: anajibu chemshabongo kwa simu, anajadili somo lake na wenzake kwenye WhatsApp, halafu semina inaanzia pale majibu yalipotofautiana.

Waandaaji wa kozi, kabla ya kuliandika neno hilo kwenye tangazo, tuonyesheni kazi ipi ya mtandaoni itakayorejewa walimu wakikutana.