Cheti Kitangulie Meli

Februari mwaka 2006 mtoto wa miaka minne alifariki dunia huko Minneapolis, Marekani. Alikuwa amemeza kidani cha bangili iliyotolewa bure pamoja na viatu. Kilipopimwa kilionekana karibu chote ni risasi. Si ile ya bunduki, bali madini yenyewe, ambayo ni sumu. Kidani hicho kilitengenezwa China, kikapita forodhani kama kipitavyo kitu kingine chochote.

Mwaka uliofuata kampuni ya Mattel ikatangaza kurudishwa kwa karibu vitu vya kuchezea milioni moja kwa ajili ya rangi yenye risasi. Wamarekani wakashtuka. Tume yao ya usalama wa bidhaa ilikuwapo kwa sheria ya 1972, lakini mara nyingi ilikuwa ikikimbizana na vitu vilivyokwisha fika madukani.

Agosti 2008 Rais George W. Bush akatia saini sheria mpya. Mwagizaji wa bidhaa inayoguswa na kanuni za usalama alitakiwa awe na cheti, na kwa vitu vya watoto cheti hicho kitokane na vipimo vya maabara inayokubaliwa na Tume.

Hapa ndipo mimi hutikisa kichwa. Cheti kiliandikwa, kikakaa kabatini kikingoja kuulizwa. Na katika msururu ule wa makontena, ni wangapi huulizwa? Sheria hiyohiyo ya 2008 iliiruhusu Tume kudai vyeti kwa njia ya kompyuta kabla shehena haijafika. Rasimu ikatoka 2013, majaribio ya kwanza yakafanywa 2016, na kanuni yenyewe ikachapishwa Januari 8, 2025, ikiwekewa tarehe ya kuanza Julai 8, 2026. Mtoto aliyezaliwa siku ya saini ya Bush alikuwa amekwisha timiza miaka 16!

Kanuni hiyo inamtaka mwagizaji aeleze bidhaa ni ipi, inafuata masharti gani, ilitengenezwa lini na wapi, ilipimwa na maabara ipi, na nani anatunza majibu. Anaweza kuyaingiza mapema katika daftari la kompyuta la Tume, kisha wakala wake wa forodha akapeleka namba ya kumbukumbu tu. Anayeleta mwanasesere yuleyule kila mwezi ataona nafuu. Atakayehangaika ni yule anunuaye leo kwa huyu, kesho kwa yule, bila kujua kiwanda kiko wapi. Hata kifurushi cha thamani ndogo hakikusamehewa.

Sisi huku tuliingilia mlango mwingine. Kenya mwaka 2005, na Tanzania 2012, zilianza kutaka bidhaa nyingi zikaguliwe huko zitokako, na mkaguzi atoe cheti kabla meli haijang'oa nanga. Marekani mwagizaji ndiye anayethibitisha kwa jina lake mwenyewe. Nakiri hilo limenivutia, maana jina huulizika.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kumnunulia mjukuu wangu kigari, jioni yake midomo ikawa myekundu kwa rangi. Nilirudi dukani kuuliza kimeletwa na nani. Kijana akakigeuza juu chini, akanirudishia.

"Mzee, hivi vinakuja tu."