Historia Iko Nyuma ya Friji

Wengi wetu tunaijua friji kwa mlango wake: maziwa, sukuma ya jana, chupa ya maji. Mimi napenda mgongo wake. Ivute kidogo kutoka ukutani, uone ile mirija iliyojikunja na, chini, kompresa nyeusi kama chungu. Kila kitu kiko pale kwa sababu, na sababu nyingine ziligharimu maisha ya watu.

Friji haitengenezi baridi, bana. Inahamisha joto. Mwaka 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyeishi London, alipata hataza ya mashine iliyozungusha etha: ikigeuka mvuke inanyonya joto ndani, ikigandamizwa inalitoa nje. Mpango ni ule ule hadi leo. Friji ya General Electric ya 1927 ilibeba kompresa kichwani, ambako joto hupanda zake bila kupasha kabati. Baadaye kompresa ikashushwa chini, nyuma.

Shida ilikuwa gesi. Friji za miaka ya 1920 zilitumia amonia, salfa dioksidi au methili kloridi. Zikivuja usiku, watu walikufa usingizini. Albert Einstein na Leo Szilard wakabuni friji isiyo na sehemu zinazosogea, kuzuia mivujo. Thomas Midgley akaja na Freon, isiyo na sumu wala moto. Mwaka 1930 aliivuta mbele ya wanakemia wenzake, akaipuliza, mshumaa ukazimika. Dunia ikashangilia. Ila 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi hizo zinakula ozoni. Mkataba wa Montreal ukafuata 1987, na sekretarieti yake iko hapa hapa Nairobi, Gigiri. Gesi mbadala nazo zikaonekana kupasha dunia joto. Kigali, 2016, nchi zikakubaliana kuzipunguza.

Kwa hivyo fundi akisema anamwaga gesi kwanza, muulize anaimwaga wapi. Soma kibandiko karibu na kompresa. R12 na R134a hazifai kuachiwa hewani. R600a inashika moto, kwa hivyo mrija wenye gesi hauchomelewi. Kazi yako wewe ni ndogo: chomoa stima, futa vumbi kwenye ile mirija, acha nafasi ukutani. Joto likikosa njia ya kutoka, kompresa haipumziki, na tokeni zitaisha kabla ya mwezi.