Dau la Thorne

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, Waitaliano walirusha setilaiti ya Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei angani, na haikuchukua muda kuonyesha kwamba chanzo kimoja, Cygnus X-1, kinapepesa upesi mno kuliko nyota ya kawaida. Wanafizikia wakaanza kunong'ona: shimo jeusi.

Mwaka 1974 Stephen Hawking na Kip Thorne wakawekeana dau. Thorne alisema ndilo; Hawking akakubali kushindwa mwaka 1990. (Zawadi ilikuwa jarida ambalo siwezi kulitaja mbele ya mama.) Thorne huyohuyo, pamoja na Rainer Weiss na Ronald Drever, ndio waanzilishi wa LIGO, mtambo wa Marekani wa kusikia mashimo meusi yakigongana.

Hapa Kikuyu, Dodoma, lori la mchanga likipita, vioo vya dirisha hutetemeka. LIGO hugawa mwale wa leza, ikaupeleka na kuurudisha katika mikono miwili ya kilomita 4, kisha ikalinganisha. Wimbi la mvutano la 14 Septemba 2015 lilibadili urefu huo kwa chini ya sehemu moja ya mia ya upana wa protoni.

Vioo vya mtambo huning'inizwa ili visihisi lori. Tatizo ni mwanga wenyewe. Fotoni huanguka kama mvua juu ya bati, bila mpangilio. Ukiongeza nguvu ya leza kelele hiyo hupungua, ila fotoni nazo huanza kuvisukuma vioo, vyenye kilo 40 kila kimoja. Mwaka 1981 Carlton Caves, aliyekuwa mwanafunzi wa Thorne, alionyesha inakotoka: upande wa mtambo ulioachwa gizani. Ombwe tupu huingiza mtikisiko wake hapo. Akashauri upitishwe mwanga uliobanwa. Ni kama tonge la ugali: ukilibana huku linatokeza kule, basi wewe chagua litokeze wapi.

LIGO ilianza kuutumia mfululizo mwaka 2019, miaka 38 baadaye. Mwaka 2023 likaongezwa bomba la mita 300 lenye vioo, linalogeuza upande wa mbano kufuatana na masafa ya wimbi.

Cygnus X-1 yenyewe LIGO haiisikii. Shimo lile na nyota mwenzake huzungukana mara moja kwa siku 5.6, LIGO husikia mizunguko mingi ndani ya sekunde moja.