Njiwa wa nyumbani: mgeni aliyegeuka mwenyeji

Tunapoongea juu ya mifugo katika mila zetu za mashariki ya Kongo, kila mtu anaanza na ng'ombe, kwa sababu ya mahari. Kisha anataja mbuzi, kondoo, kuku, na siku hizi wale kobayi wadogo wanaofugwa jikoni. Njiwa hatajwi. Hata hivyo, ukitembea katika kartie za miji yetu, si vigumu kuona kisanduku cha mbao kimetundikwa chini ya bati, na ndege wawili ao watatu wamesimama mulangoni wakiangalia watu wanaopita chini. Hakuna aliyewafunga kamba. Wanaenda wanapotaka, na jioni wanarudi.

Kuna swali linalorudi mara kwa mara watu wanapozungumza juu ya kulinda mila: je, kufuga njiwa ni desturi yetu kweli? Wengine wanajibu bila kusita: «Ile haiko kitu ya bankambo, ililetwa na Waarabu na Wazungu.» Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa nusu. Katika kurasa hizi tungependa kufuata safari ya ndege huyu tangu mwanzo, kusudi msomaji apime mwenyewe.

Tuanze na jina. Kabla ya njiwa wa nyumbani kufika, misitu na mashamba yetu yalikuwa tayari na ndege wa jamaa yake. Kuko hua mwenye alama nyeusi nyuma ya shingo, anayelia asubuhi juu ya miti. Kuko ninga, mwenye rangi ya majani, anayependa matunda ya mitini. Kuko na pugi mdogo anayeokota mbegu chini. Ndiyo maana lugha zetu zina majina yao wenyewe: Kilingala kinasema ebenga, Kiluba cha Kasai nkudimba, Kinyarwanda na Kirundi inuma. Lakini hawa wote ni ndege wa mwitu. Wanajenga viota vya vijiti juu ya miti, na huwezi kumzoesha hua arudi kila jioni ndani ya sanduku lililotundikwa ukutani.

Kwa ndege wa nyumbani, Kiswahili cha pwani kilikuwa na jina la pekee: njiwa manga. Manga ni jina la zamani la Arabuni, zaidi sana pande za Omani na Maskati. Tunalisikia pia katika pilipili manga na katika komamanga. Ni jina walilopewa vitu vilivyofika pwani kwa majahazi kutoka ng'ambo ya bahari. Kutoka pwani, njia ya misafara ilipita Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganika, ikaingia Maniema mpaka Kasongo na Nyangwe. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871. Miaka michache nyuma yake, Tippu Tip akafanya Kasongo kuwa makao yake. Ilikuwa njia ya pembe na ya watumwa, na hatuna sababu ya kuipamba. Lakini ni njia hiyo hiyo iliyotuletea Kiswahili ambacho kwacho tunaandika maneno haya. Neno njiwa lilipita pale pamoja na lugha yake. Basi anayemkataa njiwa juu ya njia aliyopita, ajiulize kama yuko tayari kukataa na lugha pia.

Tena Omani si mwanzo wa safari. Babu wa njiwa wote wa nyumbani ni ndege wa majabali, ambaye wataalamu wanamwita Columba livia. Kwao ni kwenye miamba ya pande za bahari ya Mediterania, Afrika ya kaskazini na Asia ya magharibi mpaka India. Ndege huyo hakai kwenye miti. Anatafuta tundu ao pango katika jabali, mahali pakavu penye kivuli, na pale ndipo anapotaga. Watu wa zamani wa Mesopotamia na Misri walipoanza kujenga kuta za udongo na za mawe, machoni pa njiwa kuta zile zilikuwa sawa na jabali. Hapo tunaelewa kwa nini yeye alikubali kukaa na watu na hua wetu hakukubali. Hua hakuwa mjinga. Nyumba yetu haikufanana na mti wake, basi.

Tangu hapo, kila taifa lilimfuga kwa namna yake. Huko India, Sultani Akbar, aliyekufa mwaka 1605, alikuwa na njiwa zaidi ya 20,000 katika makao yake. Mwandishi wake Abul Fazl aliandika kwa urefu juu ya rangi zao, michezo yao angani, na namna mfalme alivyochanganya aina mbalimbali ili kupata makinda bora. Huko Uingereza, Charles Darwin alianza kufuga njiwa mwaka 1855, akaingia katika vyama vya wafugaji wa London, akakaa na watu wa kazi za mikono na kuwauliza namna wanavyochagua jike na dume. Aliona kwamba njiwa wenye mkia kama upepeo, wenye koo la kuvimba, na wenye kupinduka angani, wote wametoka kwa yule mmoja wa majabali. Kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe kinaanza na mambo ya mifugo, na njiwa wana nafasi kubwa ndani yake. Jambo ambalo wafugaji walijua kwa mikono, yeye alilifanya kuwa elimu.

Halafu wakaja Wabelgiji, waliotawala inchi yetu tangu 1908 mpaka 30 Juni 1960. Kwao kufuga njiwa ni jambo la moyo. Tangu karne ya 19, wafugaji wa Liège na Antwerpen walichanganya njiwa zao mpaka wakapata yule wa mashindano, ambaye leo yuko karibu dunia nzima. Anafungwa ndani ya kitunga, anapelekwa mbali kilometa mamia, anaachiliwa, na mwenyewe anangoja nyumbani na saa mkononi. Mwaka 1850, Paul Reuter alitumia njiwa kupeleka habari za biashara kati ya Brussels na Aachen, sababu waya za telegrafu zilikuwa hazijaunganisha miji hiyo miwili. Katika vita vya 1914-1918 njiwa walibeba barua za jeshi, na mjini Brussels wakajengewa ukumbusho wao. Hata leo mambo hayo hayajapoa: mwezi wa Novemba 2020, njiwa jike wa Ubelgiji aitwaye New Kim aliuzwa kwa euro milioni 1,6. Sisi tuliosoma Kifaransa tunaita nyumba ya njiwa pijoniye, na neno hilo linatukumbusha kwamba mlango wa pili wa safari yake ulitokea Ulaya.

Sasa tuingie katika parseli zetu wenyewe. Kwetu njiwa si wa saa wala wa euro milioni. Ni rafiki wa nyumba. Watoto wanampa jina, wanajua nani ni mume wa nani, na wanalia akikamatwa na kipanga. Nyama yake inaliwa, ni kweli, lakini si kwa ajili ya nyama mtu anapandisha sanduku kwenye ngazi.

Kufuga kwenyewe kuna elimu, na elimu hiyo inapita kwa mdomo. Njiwa jike anataga mayai mawili. Wazazi wote wawili wanalalia: dume anashika kazi mchana, jike anaishika tangu jioni mpaka asubuhi. Kisha siku 17 ao 18, makinda yanatoka, bila manyoya ya kweli, macho yamefungwa. Siku za kwanza hawali mbegu. Baba na mama wote wawili wanatengeneza ndani ya koo chakula kizito kama maziwa ya kuganda, wanawalisha kinywa kwa kinywa. Kati ya ndege, ni wachache sana wenye kipaji hicho. Kwa hiyo makinda ya njiwa yakipoteza wazazi mapema, ni shida kubwa kuyaokoa. Yakitunzwa vizuri, kisha mwezi mmoja ao zaidi kidogo yanaruka.

Mwenye kufuga anajua pia kwamba sanduku liwe kavu na lisielekee upande wa mvua. Kwamba mti wa kulishikilia uzungushiwe kipande cha bati, kusudi panya na paka wateleze. Kwamba mahindi yavunjwe, na mtama uwe mkavu, kwani chakula cha ukungu kinaua. Kwamba maji yawe safi, na mchanga kidogo na maganda ya mayai yaliyopondwa yasikosekane. Anajua zaidi kwamba kaka na dada wa kiota kimoja wakiachwa pamoja wataoana, na kizazi chao kitadhoofika. Dawa yake ni kubadilishana: wewe unampa jirani kinda mmoja, naye anakupa wa kwake. Kwa njia hiyo, nyumba ya njiwa haiwezi kuendelea vizuri bila ujirani mwema.

Pengine hapo ndipo ilipotoka ile imani inayosikika mahali pengi, kwamba njiwa hawakai katika nyumba yenye ugomvi. Watu wakiona sanduku limebaki tupu, wanaanza kunong'ona: «Mule ndani amani imeisha.» Mtaalamu atasema wamehama juu ya njaa, viroboto, paka, ao kelele za usiku. Lakini tuulize: ni nyumba gani inayosahau kuweka maji na kusafisha sanduku? Mara nyingi ni ile ambayo watu wake wameacha kusikilizana. Wazee hawakukosa sana.

Kuna jambo moja la elimu hiyo ambalo linatugusa zaidi sisi watu wa mashariki. Ukinunua njiwa mkubwa sokoni, ukamfungulia siku hiyo hiyo, umepoteza pesa yako. Atarudi kwao. Wataalamu wamechunguza sana uwezo huo. Mwaka 1971, William Keeton wa Marekani alionyesha kwamba njiwa aliyefungiwa sumaku siku ya mawingu anaweza kupotea njia. Huko Italia, Floriano Papi na wenzake walionyesha kwamba hata harufu ya upepo inamsaidia. Jua pia linamwongoza. Lakini mfugaji anajua sheria yake bila maabara: njiwa mkubwa umfungie ndani wiki nyingi, aone mahali pale kwa kupitia wavu, apate mwenzake, atage; na hata hivyo siku moja anaweza kukuacha. Afadhali uchukue kinda ambaye hajaruka bado. Mahali atakapoanzia kuruka, pale ndipo kwao, hata kama wazazi wake walitoka mbali.

Inchi yetu imejua kukimbia: vita vya 1996 na 1998, lava ya Nyiragongo iliyoingia ndani ya Goma tarehe 17 Januari 2002, kisha miaka mingine ya vita mpaka leo. Anayekimbia anaweza kuvuta mbuzi kwa kamba na kufunga miguu ya kuku. Njiwa mkubwa, hata ukimbeba, siku utakayomfungulia katika mji mwingine atatafuta lile bati la zamani, hata kama nyumba imeungua na hakuna mtu anayemngoja. Ndiyo kusema kwamba mfugaji aliyehama anaanza upya kila mara: sanduku jipya, makinda mapya ya jirani mpya. Kitu anachoweza kubeba ni yale anayoyajua tu. Yakikatika kati ya baba na mtoto, hata Wabelgiji na pesa zao hawataturudishia elimu ya sanduku la parseli.

Sasa turudi kwa wale wanaosema njiwa si wetu kwa kuwa alikuja. Muhogo nao ulikuja kutoka Amerika, sawa na mahindi, na hakuna anayesema kwamba ugali na sombe si chakula cha kwetu. Kwa maoni yetu, kitu kinakuwa mila pale watu wanapokitunza, wanapokipa majina, wanapokifundisha kwa watoto na kukigawana na majirani. Njiwa amepita mitihani hiyo yote. Katika mkoa ambapo mtu anaweza kuulizwa babu yake alitoka wapi kabla ya kuulizwa jina lake, si vibaya kukumbuka sheria ya pijoniye: aliyetunzwa hapa tangu kinda ni wa hapa.

Tunaomba basi wasomaji wafanye kazi ndogo. Mwenye baba, nkambo ao jirani aliyefuga njiwa, aende kumuuliza: uliita rangi hii namna gani? Uliponyaje kinda aliye mgonjwa? Ulizuiaje panya? Aandike majibu katika kayee, kwa lugha ile ile ya mzee. Na mwenye nafasi ndogo chini ya bati amtafutie mtoto wake makinda mawili, ya viota viwili tofauti.