Alama ya Mshangao Ilivyofika Eyasi

Hadithi yangu ya kwanza ya Kiingereza ilirudi Kansay ikiwa nyekundu. Mhariri mmoja alikuwa ameizungushia wino kila alama ya mshangao. Nikazihesabu: 31 katika kurasa 4. Chini akaandika kwa ufupi kwamba ninapiga kelele.

Lo! Niliumia. Katika hadithi ile bibi mmoja anaamka alfajiri, anakuta zizi tupu. Sasa jamani, mtu asipopiga kelele hapo atapiga lini? Basi nikaanza kuifuatilia alama yenyewe, imetoka wapi hata ikawa kosa. Waandishi chipukizi wenzangu, hebu nisikilizeni.

Habari zake zinaanzia Italia, karne ya 14. Msomi mmoja, Iacopo Alpoleio da Urbisaglia, aliandika kuwa yeye ndiye aliyeibuni, kwa kuwa aliona watu wanasoma maneno ya mshangao kwa sauti ile ile ya maneno mengine. Yaani shida yake ilikuwa kama yangu: sauti inapotea njiani kati ya kinywa na karatasi. Waingereza nao wakaipokea. Mwaka 1569 John Hart, aliyetaka kurekebisha tahajia yao, aliipa jina la mwenye kustaajabu. Jina zuri mno, sijui kwa nini waliliacha. Mwaka 1855 Charles Kingsley aliipachika hadi kwenye jina la riwaya yake, Westward Ho!, na mji uliojengwa baadaye huko Devon ukaitwa hivyo hivyo, pamoja na alama yake. Halafu ukaja ukali. Mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, aliwaonya watu kwamba alama hizi zikizidi zinamuumbua mwandishi asiyekomaa. Kumbe wino ule mwekundu ulikuwa na umri mkubwa kuliko mhariri!

Hata mashine za taipu zilikuwa upande wa Fowler. Nyingi za zamani hazikuwa na alama hii. Ulipiga kipengee cha juu, ukarudi nyuma nafasi moja, ukapiga nukta chini yake. Mapigo matatu kwa mshangao mmoja. Mtu alipata nafasi ya kujiuliza kama kweli ameshangaa.

Kwetu Waswahili mambo yalikwenda kwingine. Hati ya Utenzi wa Tambuka, ya mwaka 1728, iko kwa herufi za Kiarabu, na alama hii haimo. Wamisheni ndio waliotuletea pamoja na herufi za Kilatini katika karne ya 19. Lakini tulikuwa bubu kabla yake? Thubutu! Lo, ole, ala, ebo, kumbe, masikini: vihisishi vyetu vinabeba sauti vyenyewe, na alama ni chumvi tu juu yake. Tena tunakopa bila aibu. Aisee tunayoitupa stendi ya Karatu kutwa nzima ni Kiingereza kile cha "I say", ambacho wenyewe leo wakikisema wanaonekana wa kizamani.

Hapo ndipo nilipoigundua aibu yangu. Niliichukua hadithi nikaisoma upya. Bibi wa Kansay, amesimama mbele ya zizi tupu, miguu imelowa umande, anasema "Alas!" Nani anasema hivyo? Nililitoa katika orodha ya vihisishi tuliyokariri darasani, pamoja na Oh na Hurrah. Sikuwa na neno lake, nikaziba pengo kwa alama 31.

Na bado alama yenyewe ina kisa kingine, hapa hapa wilayani kwetu. Ukiteremka Mang'ola hadi Ziwa Eyasi utawasikia Wahadzabe wakizungumza kwa vidoko, ulimi unaalika mdomoni. Wataalamu walihangaika kuandika sauti za namna hiyo. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyefanya kazi Cape Town hadi alipofariki mwaka 1875, alikiandika kimojawapo kwa alama ya mshangao. Mwaka 1930 binti yake, Dorothea Bleek, alifika Tanganyika kujifunza lugha ya Wahadzabe, na alama ya baba yake ikafika naye. Mwaka 1989 chama cha kimataifa cha fonetiki nacho kikaikubali kuwa herufi kamili. Sisi Wairaqw hatuwezi kucheka, maana mkwaju kwetu ni herufi ya sauti ya kooni. Ila fikiria: kule Uingereza ni kelele ya mwandishi asiyekomaa, hapa Eyasi ni sauti tu ndani ya neno la mtu anayeulizia maji.

Nimeiandika hadithi upya. Bibi anafungua zizi, anasimama, anasema "Kumbe." Nimeliacha kwa Kiswahili katikati ya Kiingereza, na nukta baada yake. Alama zimebaki 2, zote za mjukuu wake wa miaka sita anayekimbia kuwaita majirani. Jumatatu niliipeleka Karatu mjini, nikaiposta kwa mhariri yule yule.