Majini Wasiosikilizwa

Langley Park, kitongoji cha Maryland kilicho karibu na Washington, kina Kihispania dukani, kwa kinyozi na kituoni pa basi. Zamani palikuwa shamba la familia ya McCormick-Goodhart, waliojenga jumba lao hapo mwaka 1924. Baada ya Vita Kuu ya Pili shamba likajazwa nyumba za kupanga, na kuanzia miaka ya 1980 wakaingia watu waliokimbia vita vya El Salvador na Guatemala. Jumba lile leo ni makao ya CASA, shirika linalotetea wahamiaji. Naanzia hapa kwa sababu gemu mbili za kutisha zilizo bora kuliko nyingi zinadai kusikilizwa na sikio la mahali kama hapa. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ilimpa adui Kihispania. Resident Evil 5 ya mwaka 2009 ikampa Kiswahili. Zote mbili zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba mchezaji haelewi anachoambiwa.

Kampuni ya Capcom ya Japani ilipouanza mfululizo huu mwaka 1996, adui alikuwa maiti anayejikokota na kuguna. Katika gemu ya nne wanakijiji wanaitana, wanapangana, wanakuzunguka. Unasikia maneno nyuma ya ukuta kabla hujaona mtu. Ni ufundi mkubwa, na hadi leo sijui gemu iliyoutumia vizuri zaidi. Lakini adui hao wanaitwa Ganado, yaani mifugo. Hadithi imewekwa mashambani Hispania, ilhali lafudhi ni ya Amerika ya Kilatini, na pesa unazookota ni peseta, ambazo Hispania ilikwisha kuziacha mwaka 2002. Kwa mtoto wa Kisalvado wa Langley Park, sauti iliyokusudiwa kuwa ya mgeni wa kutisha inafanana na ya jirani.

Sisi wa Kiswahili zamu yetu ilikuja katika gemu ya tano, na Kijuju, mji wa kubuni uliowekwa Afrika Magharibi, ambako Kiswahili si lugha ya watu. Hata jina lenyewe linaonekana kuunganishwa kiholela, kana kwamba *ki-* yetu imepachikwa kwenye *juju*, neno la huko la uchawi. Adui wanaitwa Majini, na gemu inaeleza kuwa ni Kiswahili cha pepo wabaya. Neno ni letu kweli, ila limechukuliwa bila mila yake. Katika pwani yetu jini ana asili, ana dini, ana lugha. Kibuki wa Unguja hutoka Bukini, yaani Madagaska, na akimpanda kiti wake, mtu anayempagaa, hudai brandi. Mganga hakurupuki kumfukuza. Kwanza humuuliza jina lake, alikotoka na anachotaka, iwe ubani, marashi, nguo au ngoma yake. Uganga wa pepo, kwa karne nyingi, umekuwa kazi ya kusikiliza. Jini wa pwani huogopwa, naam, lakini huogopwa kama mtu mwenye madai.

Wapo watakaosema Majini wa Capcom wanaendeshwa na kimelea kilichowaingia mwilini, kwa hiyo maneno yao ni kelele tu. Kama ni kelele, kwa nini hawakuachwa wagune kama wale wa 1996? Lugha iliongezwa kwa sababu huonyesha akili, na akili ndiyo inayotisha. Wengine walilalamikia rangi ya ngozi ya adui; mwandishi N'Gai Croal wa jarida la Newsweek alizikosoa picha za kionjo mwaka 2008, na alikuwa na haki. Hata hivyo lugha haikujadiliwa kama rangi, nami naona ndiko gemu ilikojinyima utajiri. Haya hayanizuii kuipenda. Hofu ya mchana kweupe, jua likichoma mabati na vumbi sokoni, ni jambo ambalo gemu za giza hazikuwahi kulipata.

Tazama tu mkutano wa mwanzoni: jamaa amesimama juu ya umati, kipaza sauti mkononi, anahutubia kwa jazba, na muda si mrefu geti linavunjwa na jitu lenye shoka. Anayejua Kiswahili hutega sikio kwanza, apate kusikia jamaa anadai nini. Kwenye pedi kuna kitufe cha kupiga, cha kukimbia, cha kumwita Sheva, mwenzako wa vita. Cha kuuliza hakipo.