ELIZA na Msikilizaji Wake: Tafakuri ya Kihistoria kuhusu Mazungumzo ya Mtu na Kompyuta

Mwezi Januari 1966, Joseph Weizenbaum wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Jina alilitoa kwa Eliza Doolittle, muuza maua katika tamthilia ya George Bernard Shaw, *Pygmalion*, anayefunzwa kusema kama watu wa tabaka la juu. Makala haya yanadai kwamba historia ya programu hiyo inawahusu wanaisimu na wahakiki wa fasihi sawa na inavyowahusu wahandisi, kwa kuwa iliibua upya swali la kale: je, maana hujengwa na msemaji au na msikilizaji?

Utendaji wake ulikuwa mwepesi. Programu ilitafuta neno kuu katika sentensi ya mtumiaji, ikaikata sentensi vipande, ikabadilisha nafsi, kisha ikavirudisha vipande hivyo, mara nyingi kwa umbo la swali. Ilipokosa neno kuu, ilitoa kauli ya jumla ya kumhimiza mtu aendelee. Weizenbaum aliifanya iigize mtaalamu wa tiba ya nafsi wa mkabala wa Carl Rogers, kwani mtaalamu huyo huweza kumrudishia mgonjwa maneno yake mwenyewe bila kuonekana hajui lolote.

Mbinu hiyo iliegemea sarufi ya Kiingereza, ambamo viwakilishi vya nafsi ni maneno yanayojitegemea. Kiswahili kingeikwamisha. Kauli "Nimechoka kukusubiri" ingepaswa kurudi kama "Umechoka kunisubiri?" Nafsi zimo ndani ya vitenzi, tena katika "kukusubiri", *ku-* ya kwanza ni ya kitenzi-jina na haiguswi, ilhali ya pili ni ya mtendwa na lazima igeuzwe. Kubadili neno kwa neno hakutoshi. Uchanganuzi wa mofolojia lazima utangulie.

Kilichomshtua Weizenbaum ni mwitiko wa watu. Alisimulia kwamba katibu muhtasi wake, aliyemwona akiiunda programu hiyo kwa miezi kadhaa, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Wakati huohuo, daktari wa maradhi ya akili Kenneth Colby aliona programu za aina hiyo zingeweza kusaidia tiba. Weizenbaum, aliyezaliwa Berlin mwaka 1923 na kuikimbia Ujerumani ya Wanazi pamoja na familia yake mwaka 1936, alipinga. Katika kitabu chake cha mwaka 1976 alishikilia kuwa zipo kazi ambazo kompyuta haipasi kukabidhiwa, hata kama ingeziweza.

Katika miaka ya 1990, Clifford Nass na Byron Reeves wa Chuo Kikuu cha Stanford walionesha kwamba watu huipa kompyuta adabu ya kijamii: walioulizwa na kompyuta ileile waliyoitumia waliisifu zaidi kuliko walioulizwa na nyingine.

Matokeo hayo yanatudai tafiti zetu wenyewe. Katika Kiswahili, "shikamoo" na "marahaba" hupanga umri na heshima kabla ya mazungumzo kuanza. Programu ya akili mnemba inapoitika "marahaba", imepewa ukubwa ambao haikuuishi. Anayeikubalia nafasi hiyo ni msikilizaji, kama ilivyokuwa mwaka 1966.